Tafakari ya Juma: Hana Alipokuja Ofisini





Juma hili, tarehe 26 Julai, Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Injili zote nne haziwataji. Majina yao tumeyapokea kwa njia ya mapokeo, hasa kutoka katika kitabu cha karne ya pili kiitwacho Injili ya Yakobo, ambacho hakimo katika orodha ya Maandiko Matakatifu, lakini kilisomwa sana na Wakristo wa kale. Kitabu hicho kinasimulia kwamba Yoakimu alikwenda kutoa sadaka yake, akazuiliwa asitangulie kuitoa kwa sababu hakuwa na mtoto katika Israeli. Kwa uchungu hakurudi nyumbani. Alikwenda jangwani, akafunga siku 40. Anna naye akabaki nyumbani peke yake, akiomboleza kama mjane na kama tasa kwa wakati mmoja.

Kila mwaka ninapoadhimisha Misa hiyo, huwakumbuka bwana mmoja na mkewe wa parokia hii, ambao mimi mwenyewe niliwazuia mlangoni kama alivyozuiliwa Yoakimu. Wameniruhusu kuyaandika haya, kwa sharti kwamba nisiwataje majina, wala mtaa wao, wala jumuiya yao. Naomba pia mfahamu kwamba yote nitakayosimulia niliyasikia ofisini na sebuleni kwao. Hakuna neno hata moja lililotoka katika kitubio.

Walikuja ofisini siku ya Jumanne mwaka 2018, muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka 2011. Mke alishika bahasha kubwa ya kaki, yenye picha za eksirei na majibu ya vipimo vya miaka kadhaa, imeanza kuchakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Mume ndiye aliyeanza kusema. Alinieleza kwamba wamehangaika miaka saba bila kupata mtoto, na kwamba daktari sasa amewashauri waende wakapandikize mimba, yaani mayai ya mama yatolewe, yarutubishwe maabara kwa mbegu za baba, kisha yarudishwe katika mji wa mimba. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko fedha zote walizokuwa nazo, nao walikuwa wakifikiri kuuza kiwanja. "Baba Paroko," akasema, "kabla hatujauza, tumeona tuje kwanza tukuulize wewe."

Niyatafakari tena maneno hayo pamoja nanyi. Watu hao walikuja kwa Kanisa kabla ya kwenda kwa dalali. Ni wangapi kati yetu hufanya hivyo?

Mimi nilikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi saa sita kamili. Nikiwa seminari kuu nilikuwa nimesomeshwa hati ya Donum Vitae, iliyotolewa na Vatikani tarehe 22 Februari 1987, na katika mtihani wa teolojia ya maadili nilikuwa nimeijibia vizuri kabisa. Jibu nilikuwa nalo, na jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Nikawaambia kwamba Kanisa haliruhusu njia hiyo, kwamba Mungu hashindwi na neno lolote, na kwamba waendelee kusali novena. Nikawapa baraka. Yote yalichukua kama dakika tatu.

Mume akasema, "Asante, Baba." Mke hakusema kitu. Aliirudisha bahasha ile katika mkoba wake taratibu, akihakikisha kwamba haikunjiki, wakatoka. Nami nikaenda kwenye kikao cha matofali.

Wapendwa, nadhani mnaikumbuka habari ya Hana katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Huyu naye jina lake ni lile lile la Mtakatifu Anna. Hana hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alikuwa akimchokoza mwaka hata mwaka walipopanda kwenda Shilo. Mumewe Elkana alikuwa mtu mwema aliyempenda, lakini hata yeye hakumwelewa: alimwuliza kwa nini analia, kana kwamba upendo wa mume ungepaswa kuufuta uchungu wote. Hana akaenda kuomba mbele ya Bwana, midomo ikicheza na sauti isisikike. Na kuhani Eli, aliyekuwa ameketi kitini karibu na mwimo wa mlango, alimtazama mdomoni akadhani kwamba amelewa, akamkemea.

Nimehubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikihubiri juu ya imani ya Hana. Sikuwahi kuhubiri juu ya yule kuhani aliyeketi kitini.

Baada ya siku ile niliwaona kanisani mara chache zaidi, kisha sikuwaona kabisa. Nilidhani wamehama. Mwaka 2021 nilikutana na mume sokoni, naye akanikaribisha nyumbani kwa maneno ya heshima ambayo yalionyesha kwamba hakutegemea nije. Nilikwenda. Hapo ndipo nilipoyasikia yale ambayo ningeyasikia mwaka 2018, kama ningekuwa nimeuliza.

Nilisikia kwamba katika ile miaka saba, mke alikuwa amekwenda kwa waganga wawili wa mitishamba akiongozana na mawifi zake, akanywa mizizi iliyomharisha hata akalazwa. Alikuwa pia amekwenda kwa mtumishi mmoja wa miujiza, akanunua mafuta na maji kwa fedha za mtaji wake wa duka. Katika jumuiya yao akina mama wote huitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Neema, Mama Joni, Mama Happy. Yeye katika daftari la mahudhurio aliandikwa "mke wa" fulani. Siku moja mama mkwe alikuja kukaa mwezi mzima, na kila jioni alikuwa akiuliza, kwa sauti ya kusikika jikoni, kama mwanawe hana ndugu wa kumshauri aoe mwanamke mwingine.

Nilisikia pia jambo ambalo lilinishangaza zaidi. Katika miaka sita ya kwanza, mume hakupimwa hata mara moja. Mke alipigwa picha ya mirija ya uzazi kwa dawa inayopitishwa ndani, kipimo ambacho alikiri kwamba kilimwuma sana, alipimwa homoni, alipewa vidonge vya kupevusha mayai mzunguko baada ya mzunguko. Mume alipopimwa hatimaye, mbegu zake zilionekana kuwa chache na nyingi zenye mwendo hafifu. "Baba," akaniambia mume mbele ya mkewe, macho yake yakiwa chini, "miaka sita nilimwacha abebe peke yake kitu ambacho nusu yake kilikuwa changu."

Waliuza kiwanja. Walilipa zaidi ya shilingi milioni 10. Mke alichomwa sindano za homoni kila siku kwa siku 11, tumbo likavimba, kisha akalazwa usingizi na mayai yakavutwa kwa sindano huku daktari akiongozwa na kipimo cha mawimbi ya sauti. Yalipatikana mayai 9. Yaliyorutubishwa yakawa 6. Kimoja kati ya viinitete hivyo kilisimama kukua katika siku za kwanza. Viwili viliwekwa katika mji wa mimba. Baada ya majuma mawili ya kusubiri, kipimo cha damu kikaonyesha kwamba hakuna mimba. Vitatu vilivyobaki vikagandishwa katika ubaridi mkali wa naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kila mwaka wanatakiwa kulipia ada ya kuvihifadhi.

Mama huyo aliyasimulia haya yote bila kulia. Kisha akaniuliza swali moja.

"Baba, wale watatu waliobaki kwenye barafu, ni wanangu?"

Wapendwa, nimekuwa padre miaka mingi, nimeulizwa maswali mengi vitandani mwa wagonjwa na makaburini. Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Nilijua imani yetu inafundisha nini: kwamba uhai wa mwanadamu lazima uheshimiwe kama uhai wa nafsi tangu kutungwa kwake. Nikimjibu ndiyo, nampelekea mzigo ambao hatalala. Nikimjibu hapana, nasema uongo dhidi ya yale ninayoyaamini. Nilinyamaza muda mrefu. Mwisho nilimwambia, "Ndiyo, mama. Na Mungu anawajua." Ndipo alipolia, na mumewe akamshika mkono, nami nikabaki nimeketi pale.

Baadaye akaniambia jambo jingine ambalo sitalisahau. Akasema, "Baba, siku ile ofisini ulituambia Kanisa haliruhusu. Hukutuambia kwa nini. Tulidhani ni kama kufunga siku ya Ijumaa, kwamba ni sheria tu ya Roma. Kama ungeniambia kwamba nitaulizwa na moyo wangu mwenyewe juu ya hawa watatu, labda ningefanya yale yale. Lakini ningejua ninachofanya."

Kwa hiyo ruhusuni leo niwaeleze yale niliyopaswa kuyasema Jumanne ile. Nayasema kwa kuchelewa miaka kadhaa, lakini najua kuna wengine katika parokia hii ambao bahasha yao bado iko kabatini. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hukumbana na tatizo la kupata mtoto wakati fulani katika maisha yake. Hesabuni mabenchi ya kanisa letu Jumapili ijayo, mtaelewa.

Kwanza kabisa ningewaambia kwamba ndoa yao ni ndoa. Jambo hili ni la sheria ya Kanisa, wala si maneno ya kufariji tu. Kanuni namba 1084 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Kwa hiyo yeyote, awe mama mkwe au mzee wa ukoo au mwanajumuiya, anayemshauri mwanamume amwache mke wake wa ndoa takatifu kwa sababu hazai, au achukue mwanamke wa pili "wa kuzaa tu", anashauri uzinzi. Namwomba asiseme kwamba anatetea familia.

Pili ningewaeleza sababu ya mafundisho ya Kanisa. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama yake, Louise Brown, alizaliwa Oldham huko Uingereza tarehe 25 Julai 1978, siku moja tu kabla ya kumbukumbu ya Yoakimu na Anna. Robert Edwards, aliyeifanya kazi hiyo pamoja na daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy, alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2010. Tangu wakati huo mamilioni ya watoto wamezaliwa kwa njia hiyo, na huduma yenyewe inapatikana hata hapa kwetu Afrika Mashariki. Kanisa halikuinyamazia kwa sababu linaichukia sayansi. Linafundisha, katika Donum Vitae na tena katika hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008, kwamba mtoto ni zawadi ambayo hakuna awezaye kuidai kama haki yake, na kwamba ana haki ya kuwa tunda la tendo ambalo baba na mama yake wanapeana nafsi zao katika ndoa. Maabarani mtoto huanza kuwako kwa kazi ya mikono ya wataalamu, ambao huamua ni nani atawekwa, nani atagandishwa na nani atatupwa. Na kwa kawaida hutungwa wengi ili apatikane mmoja. Hapo ndipo linapozaliwa lile swali la mama wa sebuleni.

Tatu, nalisema hili kwa sauti kubwa zaidi: mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu kama wewe na mimi. Kanisa halijawahi kumhesabu kuwa pungufu. Nimewabatiza watoto wa namna hiyo, na nitaendelea kuwabatiza kwa furaha. Wale mnaonong'ona nje ya kanisa kwamba fulani "ni wa maabara", nawasihi mwache. Mnamjeruhi mtoto asiye na kosa, na wazazi ambao hamjui walipitia nini.

Nne, na hapa ndipo ninapojilaumu zaidi, ningewaeleza yale ambayo Kanisa linaruhusu na linahimiza. Jumanne ile niliufunga mlango mmoja na sikuwaonyesha mingine iliyo wazi. Dignitas Personae inakubali tiba zote zinazoondoa kizuizi ili tendo la ndoa lenyewe lizae matunda: matibabu ya homoni kwa matatizo ya uzazi, upasuaji wa kufungua mirija iliyoziba au kuirekebisha, upasuaji wa ugonjwa ule ambao utando wa mji wa mimba huota mahali pasipo pake. Kwa mantiki hiyo hiyo, inafaa kutibu uvimbe wa kizazi, maambukizi kama kisonono na klamidia ambayo huharibu mirija kimya kimya, matatizo ya tezi, na kwa wanaume, mishipa ya korodani iliyovimba. Inafaa pia wanandoa wajifunze kuzitambua siku za rutuba kwa njia ambayo madaktari John na Evelyn Billings wa Australia waliieneza duniani kote. Wengi huidhani kuwa njia ya kuzuia mimba tu, kumbe huwasaidia pia wanaoitafuta. Wakati mwingine chati ya miezi michache humwonyesha daktari tatizo ambalo vipimo vya siku moja havikuliona.

Akina baba, neno hili ni lenu. Kwa wanandoa wengi wasiopata mtoto, tatizo huwa liko kwa mume, au kwa wote wawili. Kuwa na nguvu za kiume si uthibitisho wa kuwa na mbegu zenye afya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ikiwa mmekaa mwaka mmoja mkitafuta mtoto bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mke amevuka miaka 35, nendeni hospitali pamoja, siku moja, wote wawili. Kipimo cha mume ni rahisi na hakina maumivu, tofauti kabisa na vipimo vya mke. Na kwa wale wenye wasiwasi wa dhamiri kuhusu namna ya kuipata sampuli, ipo namna isiyopingana na maadili yetu. Njooni tuulizane faraghani.

Tano, ningewaambia kwamba ipo familia inayoweza kufunguliwa kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili, na Ofisi ya Ustawi wa Jamii ndipo pa kuanzia. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliisifu njia hiyo kuwa ni ya ukarimu mkubwa. Lakini sitaki tuwatupie wanandoa neno "chukueni yatima" kama vile tunampa mtu plasta. Mtoto wa kuasili naye ana haki ya kutamaniwa kwa ajili yake mwenyewe, na wazazi wana haki ya kuomboleza kwanza yule ambaye hawakumpata.

Na baada ya kueleza yote hayo ningenyamaza, nikawaacha waseme. Naamini kikao cha matofali kingeweza kunisubiri.

Kuhusu wale watatu, mtapenda kujua. Nilimwandikia mwalimu wangu wa zamani wa seminari kumwomba ushauri. Alinijibu kwamba hati ya mwaka 2008 yenyewe inakiri kuwa hali ya viinitete vilivyogandishwa ni dhuluma ambayo haina ufumbuzi, na kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba tangu mwaka 1996 uzalishaji wake usimamishwe. Juu ya mama mwenyewe kuwapokea wanawe, alisema Kanisa halijatoa tamko bayana, na wanateolojia waaminifu wanatofautiana. "Usimpe jibu la haraka kwa mara ya pili," aliandika. "Tembea naye." Nimejitahidi kutembea nao. Walichoamua baada ya hapo ni chao na Mungu, nami sitakiandika. Ninachoweza kusema ni kwamba wamerudi, na huketi upande wa kushoto, benchi la nne.

Hadithi ya Hana inaishia kwa furaha. Alimpata Samweli, naye tarehe 22 Desemba kila mwaka tunasoma katika Misa jinsi alivyompeleka mtoto huyo nyumbani kwa Bwana. Lakini ningewadanganya kama ningesema kwamba kila Hana hupata Samweli. Wapo waliosali kuliko mimi, waliotibiwa kwa uaminifu wote, na utoto ukabaki mtupu. Sijui sababu, na nimeacha kujifanya najua. Ninachokiona katika Maandiko ni kwamba Bwana alimsikiliza Hana kabla Samweli hajatungwa, na kwamba uso wake uliacha kukunjamana siku ile ile, akala chakula, hali tumbo lake bado lilikuwa tupu. Ninachokiona pia ni kwamba Eli, alipoelezwa ukweli, hakung'ang'ania neno lake la kwanza. Alimwambia aende kwa amani, na akaungana naye kumwomba Mungu. Hiyo ndiyo nafasi ninayoitamani mimi.

Wapendwa, nina maombi machache ya parokia nzima. Mwaka juzi, katika siku ya akina mama, niliwaalika akina mama wote wasimame wapewe ua. Nilipotazama nyuma niliwaona wanawake kadhaa wameketi, vichwa chini, na mmoja akatoka nje. Hatutafanya hivyo tena. Baraka ya siku hiyo itakuwa ya wanawake wote, wakiwa wameketi. Makatibu wa jumuiya, andikeni kila mwanamke kwa jina lake la ubatizo. Viongozi wa WAWATA, mkiwatembelea wanandoa msiwaulize "bado tu?" Waulizeni habari za kazi, za shamba, za afya, kama mnavyowauliza wengine. Na katika sherehe za harusi, mwacheni bwana arusi bila kumpa miezi tisa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi Agosti, saa nne asubuhi, tutakuwa na kikao ukumbini kwa wanandoa wanaotafuta mtoto. Daktari wa magonjwa ya akina mama, ambaye ni muumini wetu, atakuwapo, pamoja na wanandoa wawili wanaofundisha njia ya Billings. Nimewaomba waje akina baba pia, na nimeomba kikao kisitangazwe kwa majina. Atakayeona aibu kuingia ukumbini aje ofisini. Jumanne asubuhi nimeiacha wazi, sina kikao chochote.

Ee Mungu, uliyewapa Yoakimu na Anna neema ya kumlea Mama wa Mwanao, uwatazame wanandoa wa parokia hii wanaobeba uchungu wao kimya. Uwape tiba ifaayo, uwape amani nyumbani, uwalinde dhidi ya wale wanaofanya biashara kwa machozi yao. Uwakumbuke wale wadogo ambao wako mahali ambapo hakuna mkono wa kuwabembeleza. Na utusamehe sisi wachungaji tulioketi kitini na kumkemea Hana. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni juma jema na sikukuu njema ya Watakatifu Yoakimu na Anna.

Wenu katika Kristo,
Baba Paroko